Siku moja maishani mwangu: muuguzi wa Pemba, tandu na washawasha

Saa 11 alfajiri. Nikishasali, nakung'uta viatu kabla sijavitia mguu. Kwetu kila mtu hufanya hivyo, hata mdogo wangu wa skuli. Tandu huwinda mende na wadudu wengine usiku. Kukipambazuka hutafuta pahala penye giza na unyevu, maana ngozi yake haizuii maji kumtoka na jua humkausha. Kiatu kilichoachwa ukumbini kinamfaa sana.

Saa 1 asubuhi. Njia ya kwenda kituoni kwetu, upande wa Konde, inakata katikati ya mikarafuu. Msimu umepamba moto. Vijana wamebeba ngazi, kina mama pakacha na majamvi. Nasalimiana nao na kuwaambia lile lile la kila siku: majani makavu yafukue kwa kijiti kwanza, mkono baadaye. Wananizoea, lakini sichoki kulisema.

Saa 2. Kliniki ya watoto, mizani, chanjo, wazee wa presha.

Saa 4 hivi. Pikipiki inasimama mlangoni, anateremshwa mama mmoja mtu mzima, analia. Kidole cha shahada kimefungwa ukili, umekazwa mpaka kidole kimegeuka zambarau.

"Mwanangu, nichanje sumu itoke!"

"Umemwona aliyekuuma, mama?"

"Nimemwona. Tandu. Nilikuwa naokota karafuu za mpeta chini ya mti, nikamshika."

Suali hilo siliachi hata siku moja. Ambaye hakuona kilichomuuma tunamchukulia kaumwa na nyoka mpaka tujiridhishe, na haondoki haraka. Huyu ameona, kwa hivyo naanza kwa kuufungua ule ukili. Nakipeleka kidole kwenye mwanga wa dirisha: vitundu viwili vidogo, kando kwa kando, wekundu umevizunguka na uvimbe umeshafika kiganjani. Watu husema tandu anauma kwa mdomo. Kumbe jozi yake ya kwanza ya miguu, iliyo chini ya kichwa, imegeuka kuwa kucha zenye mfereji wa sumu, na ndizo zinazochoma.

Namkosha kwa maji na sabuni, kisha namtilia mkono kwenye beseni la maji ya moto, nyuzi joto 43 hadi 45, yasizidi. Nayapima mwenyewe kwanza, kwa sababu mwenye maumivu makali hutaka maji yazidi kuchemka, akaja akaungua. Baada ya nusu saa ameacha kulia. Nampa parasetamoli, namtazamia chanjo yake ya pepopunda, namweka kwenye kiti nimwangalie.

Hakuna sindano ya kuua sumu ya tandu, wala wengi hawaihitaji. Maumivu ni makali kupita kiasi, lakini kifo ni nadra mno. Iliwahi kuandikwa habari ya mtoto wa miaka 7 huko Ufilipino aliyeumwa kichwani akafariki. Ninachokiogopa mimi ni mwili unaokataa sumu: vipele mwili mzima, midomo kuvimba, pumzi kubana. Hapo ni adrenalini na gari ya hospitali. La pili ninaloliogopa ni wembe. Kidonda kidogo cha tandu kingepona chenyewe. Kilichochanjwa kwa wembe mchafu na kufungwa kamba ndicho kinachonirudia kimeoza, na hilo linaniuma sana kwa sababu lilikuwa halina haja.

Saa 6 mchana. Maalim wa skuli ya jirani anawaleta watoto wawili. Walikuwa wakicheza chini ya mti wakaguswa na washawasha, yule kiwavi mwenye nywele zinazowasha. Wa kwanza mkono umejaa vipele anajikuna. Namzuia kwa upole. Zile nywele zimekatikia ndani ya ngozi, na kila anavyokuna anazididimiza. Nakata plasta, naibandika juu ya vipele, naibandua. Nikiielekeza kwenye mwanga, gundi imejaa vinywele vyembamba vya kahawia, vingine havionekani mpaka uigeuzegeuze plasta. Narudia kwa kipande kipya mpaka kinatoka kitupu. Halafu maji, sabuni, kitambaa baridi, dawa ya mzio. Shati nalivua likafuliwe peke yake, na namwomba maalim awaambie wenziwe kwamba hata washawasha aliyekufa bado anawasha.

Wa pili alijifuta jicho kwa mkono ule ule. Huyu simchezei. Namwagia maji safi mengi, na nawaita wazazi wampeleke hospitali leo leo, kwani nywele zile huweza kupenya ndani ya mboni zikaleta ugonjwa siku nyingi baadaye.

Baba yake anafika na simu mkononi. Ameona video ya kiwavi anayeua watu, anataka kujua kama ndiye huyu. Namjibu kwamba yupo kweli. Ni Lonomia wa Amerika ya Kusini, hasa kusini mwa Brazili. Sumu yake huharibu kuganda kwa damu, mtu akatoka damu ndani kwa ndani, na Taasisi ya Butantan, São Paulo, hutengeneza dawa yake. Washawasha aliyemgusa mwanawe si huyo. Anapumua, anamshika mtoto mkono.

Saa 9 alasiri. Nikirudi napitia kwa jirani anayejenga. Makuti makuukuu na matofali vimerundikwa ukutani, chini ya dirisha la chumba cha watoto. Tunayahamisha pamoja na vijana wake. Chini kuna jongoo wengi, na kijana mmoja anataka kuwaponda. Jongoo hawaumi. Maji yao tu ndiyo hutia doa ngozi na kuchoma macho, basi tunawasukuma kwa fagio.

Saa 2 usiku. Simu. Mtoto wa yule mama wa asubuhi anauliza mbona uvimbe haujashuka. Namwambia unaweza kuchukua siku mbili tatu, auinue mkono juu ya mto. Wekundu ukipanda kuelekea kiwiko, au ikija homa, amlete asubuhi. Pumzi ikibana, asingoje asubuhi.

"Na hapa shangazi ameleta mafuta ya taa, tumpake?"

Nimemwambia ayarudishe jikoni, amkoshe kwa maji na sabuni tu.