Pakanga Moja Juu ya Theluji

Safari ya kwenda kuuona kwa macho yangu mmea mmoja wa dawa wenye sumu kali ilianzia katika soko la mitishamba la Luosiwan mjini Kunming, jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa China, ambako nilikuwa katika mafunzo ya miezi mitatu. Mimi ni mfamasia kutoka Tanga, na kwa miaka mingi nimewapokea wagonjwa waliokunywa mizizi ambayo kipimo chake hawakukijua, kwa hiyo mbele ya meza za wauza dawa nilikaa muda mrefu kuliko wenzangu. Mzee mmoja alinionyesha vipande vyeusi vyenye kung'aa kama kaharabu. Aliviita fuzi, akanieleza kuwa vinatoka Jiangyou, Sichuan, na kwamba kabla ya kufika mezani pake viazi vyake vilikuwa vimelowekwa katika maji ya chumvi kali, vikachemshwa, vikakatwa na kupikwa kwa mvuke. Nilipomuuliza kuhusu ndugu wa fuzi wa milimani, yaani mmea nilioutafuta, alitikisa kichwa. Huyo hauzwi kwa mpita njia. Amo katika orodha ya dawa zenye sumu iliyotolewa na serikali mwaka 1988, na hutolewa kwa cheti cha daktari. Kisha akaniandikia jina lake kwenye karatasi: xueshang yizhihao. Mkalimani wangu alilitafsiri neno kwa neno, nami nikapata maana iliyonikaa moyoni hadi leo: pakanga moja juu ya theluji.

Mmea wenyewe si pakanga, ila majani yake yamechanika vipande vyembamba kama ya pakanga. Wataalamu huuita Aconitum brachypodum, na ni wa jamii moja na fuzi na caowu, mzizi mwingine wa dawa, ambazo zote zina akonitini. Sumu hiyo hung'ang'ania milango ya sodiamu katika seli za neva na za moyo na kuizuia isifungike, hata mapigo ya moyo yakavurugika. Miligramu mbili tu zinaweza kumuua mtu mzima, na hadi sasa haipo dawa ya kuitangua. Daktari hubaki kuupigania moyo mpaka sumu imalizike mwilini.

Treni ya kwenda Lijiang, mji ulio karibu na milima unakoota mmea huo, ilituchukua zaidi ya saa tatu. Njiani mkalimani alinifundisha neno yao, yaani dawa, akaniambia kuwa Wachina huita sumu ya panya laoshu yao. Nilishtuka kidogo, kwa sababu ni vile vile tusemavyo sisi: dawa ya panya, dawa ya mbu, dawa ya kikohozi. Lugha mbili zilizo mbali kiasi hiki zimekiweka kinachoponya na kinachoua katika neno moja, na sidhani kama wahenga wa pande zote mbili walifanya hivyo kwa uvivu wa kutafuta maneno.

Kutoka Lijiang tulipanda gari hadi Yuhu, kijiji cha Wanaxi chini ya mlima Yulong, ambao kilele chake kina urefu wa mita 5,596. Nyumba zake zimejengwa kwa mawe, na mojawapo ndiyo aliyoishi Joseph Rock, mtaalamu wa mimea aliyefika eneo hili mwaka 1922 na kuondoka kabisa mwaka 1949. Sisi tulilala kwa mama mmoja mwenye umri wa kama miaka sitini, ambaye baba yake alikuwa mchimba dawa.

Kesho yake tulianza kupanda kabla ya jua kutoka, mama mwenyeji akiwa mbele, mimi nikihema nyuma yake kama mtu aliyezaliwa usawa wa bahari, jambo ambalo ni kweli. Tulipita misonobari, kisha vichaka, mpaka tukafika kwenye malisho ya juu ambako miti ilikuwa imekoma na upepo ulikuwa mkali. Alisema kuwa zamani mmea huu ulionekana karibu zaidi na kijiji, lakini anayetaka dawa hutaka kiazi, na kiazi kikishang'olewa mmea nao umekwisha. Tulizunguka karibu saa mbili. Hatimaye aliinama kando ya jiwe, akaniita kwa mkono.

Ulinifikia magotini. Shina lilikuwa moja, limenyooka, na juu yake yalipangana maua ya buluu iliyokolea, kila moja likiwa na kofia iliyoinama mbele kama ya askari wa zamani. Nilikuwa nimesoma habari zake kwa miaka, lakini hakuna kilichonitayarisha kwa uzuri ule katikati ya majani makavu na mawe ya kijivu. Nilinyoosha mkono, naye akaupiga kofi dogo kama ambavyo mama humpiga mtoto anayegusa sufuria ya moto.

Tulipokuwa tumekaa kupumzika, alinisimulia kuwa wawindaji wa milima hii walikuwa wakipaka mishale yao utomvu wa mizizi ya aina hii. Habari hiyo ni ya kale sana: kitabu cha kale cha dawa cha Wachina, Shennong Bencao Jing, kinataja utomvu huo uliochemshwa ukawa mzito kwa ajili ya kuua ndege na wanyama. Niliwakumbuka Wagiriama na Wakamba, ambao nao huchemsha magome na vijiti vya mti mwingine kabisa, wenye sumu ya aina nyingine, kwa kazi ile ile na kwa shabaha ile ile, yaani moyo wa mnyama.

Lakini alichosisitiza mama yule ni moto wa jikoni. Huko Yunnan watu hupika caowu na nyama wakati wa baridi ili kuupasha mwili joto, na vifo vimeripotiwa mara kwa mara, kwa kuwa chungu kiliondolewa motoni mapema. Nyumbani kwao, alisema, chungu kilibandikwa alfajiri na kuepuliwa jioni, na maji baridi hayakuongezwa katikati. Hakujua neno akonitini, wala hakulihitaji. Kinachotendeka chunguni ni kwamba maji ya moto huivunja sumu hatua kwa hatua mpaka ikawa kitu chenye makali madogo sana, na hatua hizo haziharakishwi. Dalili ya kwanza ya aliyekosea ni ganzi ya midomo na ulimi, na mara nyingi huanza kabla hajaondoka mezani.

Tuliteremka jioni, na magoti yangu yaliuma kiasi cha kunifanya nishuke ngazi za nyumba kwa kukaa. Mama alitoa kwenye rafu ya juu chupa iliyofungwa kitambaa chekundu shingoni, yenye pombe kali iliyolowekewa kiazi cha xueshang yizhihao. Hiyo ni ya kuchua tu. Wako waliokufa kwa kuionja, kwa maana pombe huitoa sumu mzizini bila moto wowote wa kuipunguza. Aliusogeza mguu wangu wa kulia karibu na taa, akaikagua ngozi yote, ndipo akachua. Ubaridi uliingia, kisha joto, kisha ganzi nyepesi, na maumivu yakarudi nyuma.

Alipoukagua wa kushoto aliona mkwaruzo wa mwiba, mfupi kuliko kucha, ambao mimi mwenyewe sikuwa nimeuhisi. Nilimsihi, maana goti hilo ndilo lililouma zaidi. Alifunga chupa, akairudisha juu, akanawa mikono mara mbili kwa sabuni, ndipo akanimiminia chai. Goti la kushoto liliniuma hadi Kunming.