Nilivyotumia WPS ya S355 kwenye chuma cha Q355 bila kurudia testi yote

Kazi ilikuwa fremu ya ghala la kahawa hapa Moshi. Michoro imeandika S355JR, chuma cha kiwango cha Ulaya EN 10025-2, na WPS yetu, yaani karatasi ya maelekezo ya kuchomelea, ilishafuzu testi ya ISO 15614-1 kwenye bamba la S355JR la mm 16, weldi ya pasi nyingi, rodi E7018. Mzigo ukaja kutoka Dar, tukakuta ni Q355B, chuma cha Kichina. Muuzaji kwenye simu anasema ni kitu kile kile injinia wangu usihofu, lakini mkaguzi wa upande wa mteja akasimamisha kazi pale pale, anataka testi mpya kuanzia mwanzo.

Mi nilimwelewa kabisa mzee yule, manake neno la muuzaji haliwezi kuwa ushahidi. Ila kurudia testi yote ni hela na muda, unakata vipande vya kuvuta, vya kukunja, vya impakti, unasubiri maabara, na masika ndo hayo yanakaribia. Nikamwambia "Mzee naomba kwanza tuangalie vyeti, kama havitoshi tutatest." Akakubali.

Nikaanza na cheti cha kiwandani, ile 3.1 ya EN 10204. Ukiwa nacho mkononi bado hujamaliza, lazima kioane na bamba lililopo yadi, kwahiyo tulipita na brashi ya waya tunasugua kutu na vumbi mpaka namba ya hiti, yaani ya mmiminiko wa chuma kilipoyeyushwa, ionekane, tunaisoma mmoja mmoja tukilinganisha na karatasi. Bamba ambalo namba yake haikuonekana tuliliweka pembeni, tukalikataa.

Halafu kemia. Kaboni 0.17, manganizi 1.42, vingine vidogo sana. Ukipiga ile hesabu ya CEV, kaboni sawia ya chuma kizima, yaani kaboni, jumlisha manganizi gawa kwa 6, jumlisha kromi, molibdenamu na vanadi gawa kwa 5, jumlisha nikeli na shaba gawa kwa 15, inatoka kama 0.41. EN 10025-2 yenyewe inaruhusu mpaka 0.45 kwa S355 isiyozidi mm 30. Hapo ndo roho yangu ilitulia, kwasababu hiyo namba ndo inayokwambia chuma kitagumuka kiasi gani pembeni ya weldi na kama kuna hatari ya kupasuka, jina la gredi halikwambii hilo.

Kilichotuchelewesha kilikuwa kundi, maana testi inakubeba kwa kundi la chuma. ISO/TR 15608 inaweka chuma chenye yildi, yaani nguvu ambayo chuma kikiizidi kinavutika bila kurudi, zaidi ya 275 mpaka 360 MPa kwenye kundi 1.2. Mzee akaona kwenye cheti yildi iliyopimwa ni 398, akasema "Kijana, hii imetoka nje ya kundi." Nikamuonesha kwamba kundi linapangwa kwa yildi ya chini inayotajwa na kiwango chenyewe, siyo iliyopimwa siku hiyo, na Q355 kwenye kiwango cha Kichina GB/T 1591 cha 2018 ni 355 mpaka unene wa mm 16, kwahiyo kundi moja na S355. Akasoma mwenyewe, taratibu sana, akakubali. Na hili linaenda upande mmoja tu: testi ya S355 inakubeba mpaka kwenye Q235 na S275 zenye yildi ndogo zaidi, ila ukitest kwa S275 usijaribu kupanda.

Kulikuwa na mabamba machache ya Q345 ya stoki ya zamani. WPS inayabeba vizuri tu, lakini 345 ni pungufu ya ile 355 aliyopigia hesabu mbunifu, na hilo siyo swali la kuchomelea, ni lake yeye. Nilimwandikia, akayaruhusu kwa maandishi kwenye viungo vidogo tu. Gasseti, yale mabamba madogo ya kuunganishia, za mm 6 nazo zilitoka kwa sababu ya unene, testi ya mm 16 inaanzia mm 8, tukazitumia WPS nyingine ya vyembamba.

Mwenye mkataba wa AWS D1.1, kiwango cha Kimarekani, asinakili njia yangu hivi hivi. Ile ina orodha yake ya vyuma, A36 na A572 Gredi 50 vimo, Q355 haimo, kwahiyo hapo jiandae kutest.

Mwisho mzee aliomba kiungo kimoja cha kuthibitisha kutoka kwenye bamba lenyewe. Tukachomelea, tukakata, tukalainisha na msasa mpaka kikang'aa, tukapaka nitali, asidi ya kuonesha weldi. Pasi zote zikajitokeza moja juu ya nyingine, kona imeyeyuka vizuri, hakuna tundu. Ugumu ulikuwa chini sana ya 380 HV10 (kipimo cha ugumu cha Vickers) inayoruhusiwa. Akasaini, kwa sharti moja: kila hiti mpya ikiingia yadi, cheti chake kinaingia kwenye faili lile lile kabla bamba halijakatwa, na likikatwa namba inahamishwa kwa rangi kwenye kipande kinachobaki. Karani wa stoo ndo anashikilia hilo mpaka leo, hakuna fundi anayetoka na kipande kisicho na namba.