Yu Xuanji na wenzake: umbea umetangulia mashairi

Jamani kuna huyu dada mshairi Yu Xuanji, aliishi Chang'an, mji mkuu wa China enzi za ukoo wa kifalme wa Tang, karne ya 9, na kila nikikuta watu wanamzungumzia stori ni ile ile, eti alimpiga mjakazi wake mpaka akafa, akanyongwa sijui akakatwa kichwa, basi. Mashairi yake yanatajwa mwishoni, tena kwa bahati. Inanikera kweli.

Alikuwa suria wa ofisa mmoja, Li Yi, jamaa akamtelekeza, akaingia hekalu la Xianyi, la Kitao, ile dini ya jadi ya China, akawa mtawa. Sasa ukisikia mtawa usidhani kajifungia ndani analia na dunia, la hasha, mwanamke wa kawaida wakati ule ametoka kwa baba kaingia kwa mume, lakini ukivaa joho la Kitao unapokea wageni, unasafiri, unabadilishana mashairi na wasomi wa kiume na maisha yanaendelea. Hata Yuzhen, dada yake kaizari Xuanzong, alichukua njia hiyo hiyo.

Ila joho lilikuwa na mwisho wake. Siku moja Yu katembelea hekalu la Chongzhen akakuta majina ya waliofaulu mtihani wa serikali yamebandikwa, mtihani ambao mwanamke hata kukaa hakai. Akaandika mistari minne: anaanza na milima na jua la masika, halafu maandishi mazuri yanavyotoka kwenye vidole, halafu anageuka ghafla anasema anayachukia haya mavazi ya hariri yanayofunika mashairi yake, anainua kichwa anayatamani tu yale majina. Minne tu bwana, na kasema yote.

Na ile kesi ya mjakazi? Imetoka kwenye kitabu cha visa kilichoandikwa miaka mingi baada ya yeye kufa, kina mpaka nzi wanaojazana uani pale maiti ilipofukiwa. Labda alifanya kweli, lakini kwa ushahidi wa namna hiyo mi simhukumu mtu.

Kabla yake kulikuwa na Li Ye, naye mtawa, huyo aliuawa mwaka 784 kwa amri ya kaizari Dezong kwa sababu alimwandikia shairi Zhu Ci, yule muasi aliyeiteka Chang'an. Ana shairi moja anataja kila kitu kwa pande mbili, kilicho karibu kabisa na mbali kabisa ni mashariki na magharibi, anaendelea hivyo hivyo na kijito, na jua na mwezi, mpaka anafika kwa walio karibu kabisa na mbali kabisa, mume na mke. Hapo ndo nilicheka peke yangu.

Xue Tao wa Chengdu, mshairi mwingine, yule aliyetengeneza karatasi nyekundu za kuandikia mashairi, alivaa joho la Kitao uzeeni na akafa kwa amani, kwa hiyo hana umbea mwingi.

Mashairi ya Yu yamebaki kama 50 hivi, ya Li Ye hayafiki 20. Jioni moja unayamaliza yote.