Nilivyojaribu toleo la majaribio la pochi ya Bitcoin kabla halijamfikia mwenye duka

Pochi ya sarafu za kidijitali ikikosea, hakuna benki ya kupigia simu. Programu ya muziki ikiharibika unaifuta, unaiweka upya, maisha yanaendelea. Pochi ikipoteza funguo zako, yaani namba za siri zinazokuruhusu kutumia sarafu zako, pesa ndiyo zimekwenda. Ndiyo maana watengenezaji makini hutoa kwanza toleo la majaribio na kuwaomba watu walichokonoe kabla ya toleo rasmi. Bitcoin Core, programu kuu ya kuendesha mtandao wa Bitcoin, kwa mfano, hutoa matoleo yenye alama ya rc1, rc2 na kuendelea, pamoja na mwongozo wa mambo yanayohitaji kujaribiwa. Wanaoitikia wito wa namna hii si wengi, na huku kwetu sijakutana na wengi wanaoufanya.

Mimi niliingia kwa sababu ya rafiki yangu mwenye duka la vipuri vya simu hapa Mombasa. Baadhi ya wateja wake ni vijana wanaofanya kazi za mtandaoni, hulipwa kwa Bitcoin, na wengine humlipa yeye vivyo hivyo. Pochi anayotumia ilikuwa inakaribia kutoa toleo kubwa lenye kitufe kipya cha kutengeneza ankara: unaandika bei, mteja anaskani msimbo, basi. Kitufe hicho ndicho alichokuwa akikililia. Nikaona heri nikijaribu mimi kwanza, tena kwa namna atakavyokitumia yeye dukani.

Nilianza kwa kutafuta simu nyingine kabisa. Toleo la majaribio ukiliweka juu ya la kawaida, linaweza kubadilisha hifadhidata ya pochi kwa mpangilio mpya, na Android haikubali uweke toleo la zamani juu ya jipya. Ukitaka kurudi nyuma inabidi ufute programu, na ukishafuta umebaki na maneno yako 12 tu, yale ya siri ambayo funguo zote za pochi huzalishwa kutoka kwayo. Nilikuwa na simu kuukuu yenye RAM ya GB 2, na kwa kazi hii niliiona bora kuliko mpya. Simu za aina hiyo ndizo ninazoziona mikononi mwa watu kila siku, na programu inayokwenda vizuri kwenye simu ya bei kubwa inaweza kuganda vibaya sana kwenye ile.

Kisha nikahakiki faili. Hapa sina mzaha. Desemba 2018, watumiaji wa pochi ya Electrum walionyeshwa ujumbe wa hitilafu ndani ya programu yenyewe, ukiwaambia wapakue toleo jipya kutoka kwenye kiungo fulani. Ujumbe ulitoka kwa seva za matapeli, na lile toleo jipya lilikuwa bandia lililoiba sarafu zao. Sisi wajaribu tuko hatarini kuliko wengine, kwa kuwa tumezoea kupakua faili nje ya duka la programu na kubofya "ruhusu" bila kufikiri. Kwa hiyo faili niliipakua kwenye kompyuta, nikakokotoa alama yake ya SHA-256 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili ikiguswa hata kidogo), nikailinganisha na ile iliyotangazwa na mradi, halafu nikahakiki kwa gpg, programu ya kukagua saini za kidijitali, kwamba tangazo hilo limesainiwa kwa ufunguo niliokuwa nimeuhifadhi tangu toleo la nyuma. Huo ufunguo wa tangu zamani ndio unaokulinda. Alama na faili vikitoka kwenye ukurasa mmoja uliodukuliwa, vitalingana vizuri tu na bado utaibiwa.

Pesa halisi sikugusa. Nilitumia signet, mtandao wa majaribio ulioingia Bitcoin Core kwenye toleo 0.21.0, Januari 2021. Sarafu zake hazina thamani, zinagawiwa bure mtandaoni. Bloku zake, yaani mafungu ya miamala iliyothibitishwa, husainiwa na watu maalumu, kwa hiyo huja kwa utaratibu, kama dakika 10 kila moja. Mtandao wa zamani wa testnet3 ulinichosha: mara bloku zinamiminika kwa mkupuo, mara kimya, na sarafu zake ambazo zilipaswa kuwa za bure watu walifikia kuziuza. Kuna dalili moja ndogo ya kuangalia kila unapokuwa kwenye majaribio: anwani (namba za kupokelea malipo) za signet za muundo wa segwit, unaotumiwa na pochi nyingi za sasa, huanza na tb1, za mtandao halisi huanza na bc1. Ukiona bc1, simama hapo hapo.

Maneno 12 nilitengeneza mapya kwa ajili ya kazi hii peke yake. Nilikuwa pia na yale maarufu ya majaribio, neno "abandon" mara 11 likifuatiwa na "about", ambayo yamechapishwa wazi kwenye nyaraka za kiufundi na kila mtu anayajua. Hayo hayawekwi pesa halisi hata senti moja, lakini yana faida yake: kwa kuwa watu wengi huyatumia kwenye mitandao ya majaribio, ukiyarejesha kwenye simu kuukuu unapata pochi yenye historia ndefu, na hapo unaona kama programu inapumua au inakufa.

Majaribio ya mwanzo yalipita salama. Nilizima data katikati ya kutuma, nikazima simu muamala ukiwa unasubiri, nikaiacha betri iishe. Kila mara muamala ulibaki umeandikwa kuwa haujatumwa, na mtandao uliporudi ukatumwa mara moja tu. Hilo lilinipa moyo, maana umeme na mtandao kukatika si habari kwetu.

Tatizo lilikuwa kwenye kile kitufe cha ankara.

Kila ukikibonyeza, pochi hutoa anwani mpya. Ni jambo jema kwa faragha, na anwani haziishi, kwa kuwa maneno 12 yanaweza kuzalisha zaidi ya bilioni mbili kwenye mfululizo mmoja. Shida inakuja siku ya kurejesha pochi. Maneno 12 hayabebi kumbukumbu ya anwani zipi ulishampa nani. Programu huanza na anwani ya kwanza, inauliza mtandao kama iliwahi kupokea kitu, inakwenda ya pili, ya tatu, na kuendelea. Ikikuta 20 mfululizo ambazo hazijawahi kutumika, inaacha kutafuta. Kikomo hicho cha 20 kimo kwenye BIP44, mwongozo wa mwaka 2014 wa jinsi pochi zinavyopanga anwani zake. Ni kama karani wa sensa anayebisha hodi mtaani: akikuta nyumba 20 zilizofuatana hazina mtu, anafunga daftari na kuondoka, hata kama nyumba ya 26 ina familia.

Sasa fikiria duka. Mteja anauliza bei ya kioo, ankara inatengenezwa, anaanza kuomba apunguziwe, inatengenezwa nyingine, halafu anasema atarudi kesho. Mwingine anaskani, anagundua salio halitoshi. Siku yenye wateja wengi ankara 20 zisizolipwa zinafika bila mtu kuhisi. Toleo la zamani lilikuwa linakuonya ukifika hapo. Jipya halikusema kitu.

Nikatengeneza ankara 25 bila kuzilipa. Ya 26 nikailipa satoshi 50,000 za signet (satoshi ni kipande kidogo kabisa cha Bitcoin) kutoka pochi nyingine, nikasubiri muamala uthibitishwe. Salio likaonekana: 50,000. Nikafuta programu, nikaiweka upya, nikaingiza yale maneno 12. Ikatafuta kidogo, ikaniambia kwa utulivu kwamba imemaliza, salio ni 0. Hakuna onyo, hakuna alama nyekundu.

Kabla ya kuandika popote nilitaka kujua kama pesa zimepotea au zimefichika tu, kwa sababu hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Nikafungua Sparrow, pochi nyingine, kwenye kompyuta upande wa signet, nikaingiza maneno yale yale, nikapandisha kikomo cha utafutaji hadi 100. Satoshi 50,000 zikajitokeza. Kwa hiyo funguo zilikuwa salama. Lakini mwenye duka aliyeibiwa simu, akarejesha pochi yake na kukuta sifuri, angejuaje hayo? Angelia, na huenda angetupa ile karatasi ya maneno akidhani haina kazi tena.

Ripoti niliiandika fupi: toleo gani, simu gani, hatua nilizofuata moja baada ya nyingine, nilichotarajia, nilichokiona. Nikaambatanisha logi, yaani kumbukumbu za programu, na picha za skrini. Nikaweka pia maneno yenyewe 12, ili yeyote aweze kurejesha pochi ile ile na kuona sifuri ile ile kwa macho yake. Hilo linawezekana pale tu ambapo maneno hayo hayajawahi kugusa pesa halisi, na kwangu ndiyo faida kubwa ya kutenga maneno ya majaribio.

Jibu la kwanza, kutoka kwa mmoja wa watengenezaji, lilikuwa kwamba programu inafanya kazi kama mwongozo unavyotaka, na hoja ikafungwa. Sikubishana juu ya kikomo cha 20, maana kwa hilo alisema kweli, ingawa mwongozo huohuo unataka pochi imwonye mtumiaji anapokaribia kukivuka. Nilieleza duka: wateja wanavyouliza bei, wanavyoahirisha, jinsi ankara 20 zinavyopita kabla ya adhuhuri. Mtengenezaji mwingine akaifungua hoja upya. Naamini yule wa kwanza hakuwa na nia mbaya. Mtu ambaye hajawahi kusimama nyuma ya kaunta hawezi kuona kwamba ankara nyingi hazilipwi.

Toleo la majaribio lililofuata lilikuja na mabadiliko mawili. Ankara zisizolipwa zikikaribia 20, pochi huchukua tena anwani ya ankara ya zamani zaidi iliyokwisha muda badala ya kusonga mbele. Na kwenye skrini ya kurejesha kuna kitufe cha kutafuta zaidi, chenye maelezo kwamba salio la sifuri linaweza kuwa si la kweli. Badiliko la kwanza lilinitia wasiwasi: vipi mteja wa jana akilipa ankara yake ya zamani leo, ilhali anwani ameshapewa mtu mwingine? Nikajaribu hilo pia. Pochi ilionyesha malipo mawili kwenye anwani moja, kila moja na saa yake, ila jina la ankara lilikuwa la mteja wa pili kwa yote mawili. Nikaripoti, na wakaliweka onyo hapo kabla ya toleo rasmi.

Rafiki yangu alihamia toleo jipya baada ya kutoka rasmi, si kabla. Siku hiyo tuliandika mistari miwili chini ya maneno yake 12: njia ya funguo (inayoiambia pochi ianzie wapi kuzalisha anwani kutoka kwenye maneno), m/84'/0'/0', na nambari ya anwani ya mwisho aliyotoa. Kwa mistari hiyo, hata pochi hii ikiacha kutengenezwa, anaweza kuchukua nyingine inayofuata mwongozo uleule na kuiambia itafute hadi wapi.