Kidonda kwenye ugoko wa Mama

Jumapili, Uyole, Mbeya. Baridi ya Julai haijaachia tangu alfajiri. Mama yuko kwenye kochi, mguu wa kulia juu ya mito miwili. Leo ni wiki ya saba tangu atolewe kile kivimbe kilichokuja kugundulika ni saratani ya ngozi. Majibu ya maabara yalionyesha kimetoka chote. Nikadhani tumemaliza.

Ngozi ya ugoko imeshikana na mfupa, haivutiki, kwa hiyo kushona hakukuwezekana. Daktari akatupa njia mbili: kuchuna ngozi nyembamba ya paja na kuipandikiza, au kuacha kidonda kijae chenyewe kutoka chini. Kupandikiza hufunga mapema, ila unauguza sehemu mbili, na kipande kinaweza kisishike. Mama akauliza, "Na paja litauma?" Akajibiwa kwamba mara nyingi huuma kuliko mguu wenyewe. "Basi kiacheni kijae."

Wiki ya tatu nilikosea. Jirani alinishauri nimwagie unga wa kapsuli za rangi mbili ili kikauke, nami nikamwaga. Kesho yake shashi ilikuwa imegandamana na nyama. Nilivyoivuta, damu ikachuruzika, na Mama akang'ata upande wa kanga yake asipige kelele. Sitasahau ile kanga.

Nesi hakunigombeza. Alilowesha shashi kwa maji ya chumvi ya dripu mpaka ikaachia yenyewe, akasema, "Dada, kikikauka ngozi mpya inapita wapi?" Kumbe jambo hili linajulikana tangu 1962, mtafiti George Winter alipoonyesha kwa nguruwe kwamba kidonda chenye unyevu huota ngozi haraka kuliko chenye kigaga. Sisi huku bado tunaanika vidonda kama mahindi.

Sasa napaka vaselini safi, nafunika, kisha bandeji ya kubana kuanzia vidoleni hadi chini ya goti. Hiyo ya kubana walituruhusu baada ya kupima mapigo ya damu kwenye unyayo. Mguu usiopata damu ya kutosha ukibanwa unaharibika.

Leo nimefungua, nikasogeza tochi ya simu. Katikati nyekundu, yenye vipunje vipunje. Pembeni kuna ukingo mwembamba wa waridi ambao Alhamisi haukuwepo.

"Kimepungua?" Mama ameuliza.

"Kimepungua, Mama."

"Basi kesho nikaangalie viazi."

Nimemrudishia mguu juu ya mito.