Miti niliyokuwa nafyeka kila mwaka

Kwa miaka tisa nilifyeka miti ileile. Shamba langu lipo Chamwino, Dodoma, ekari nne za uwele na alizeti. Kila kiangazi kikikaribia kuisha nilipita na panga, nakata machipukizi yote yaliyoota kwenye visiki, nakusanya, nachoma. Kwetu tunaita kuberega. Baba alifanya hivyo na babu pia, na aliyeacha vichaka shambani alihesabiwa mvivu.

Na miaka hiyohiyo nilikuwa napanda miti! Mara ya mwisho nilichukua miche sitini kitaluni. Mvua zetu huanza Desemba, Aprili zimekwisha. Nilibeba madumu ya maji kwa baiskeli mpaka Agosti. Ikabaki miwili, mbuzi wakaimaliza.

Kampeni ya Kisiki Hai, inayofundisha wakulima kulea machipukizi ya visiki badala ya kuyafyeka, ilianza Dodoma mwaka 2018, kwetu ikafika baadaye. Mwezeshaji hakutuweka darasani. Alipiga magoti mbele ya kisiki cha mgunga, akatueleza kwamba wakulima wa Niger wamerudisha miti kwa njia hii tangu miaka ya 1980, kwenye hekta takriban milioni 5. Kisha akauliza: "Mizizi ya huyu imefika wapi?" Swali hilo lilinikaa. Mche huanza maisha kwa kutafuta maji. Kisiki maji kilishayapata zamani, na akiba ya chakula iko mizizini. Ndiyo maana kila nikifyeka kiliota tena, nami nikidhani ni ubishi wa magugu.

Nilianza na visiki arobaini. Kimoja huwa na machipukizi hata ishirini; nilibakiza matatu hadi matano, yaliyonyooka na yenye nguvu, nikapogoa matawi ya chini mpaka nusu ya kimo. Panga liwe kali na likate kwa kupanda, kutoka chini kwenda juu. Mwanzoni nilikata kwa kushusha, magome yakachanika, na visiki vinne nikavipoteza. Kila kisiki nilichochagua nilikifunga kitambaa chekundu ili wapitao wajue kina mwenyewe.

Kupogoa kulikuwa kazi ya siku tatu. Kulinda ndiko kulikonitoa jasho, kwa sababu baada ya mavuno mifugo ya kijiji kizima huachiwa mashambani. Nilizungushia matawi ya miiba niliyokata, kisha nikaenda nyumba kwa nyumba kuomba mifugo isiingizwe kwangu. Mzee mmoja jirani alinijibu, "Mwanangu, shamba la baba yako unaligeuza pori?" Nikamwambia, "Mzee wangu, naomba unipe misimu miwili tu."

Msimu wa tatu migunga ilinipita kimo. Nikarudia kupunguza, na matawi hayo yakapika jikoni kwetu wiki nyingi. Mke wangu hakwenda tena mlimani kutafuta kuni. Maganda ya mgunga yakidondoka kiangazi mbuzi huyagombania. Upande wa alizeti nimeacha miti michache, kwani alizeti haitaki kivuli. Kwenye uwele nimeacha mingi zaidi, na hapo udongo hubaki na unyevu siku kadhaa baada ya mvua kukatika.

Yule mzee alipita wiki iliyopita. Akasimama chini ya mgunga wa njiani, akauliza kama vile vitambaa vyekundu vimebaki.