Kitako cha glasi na nyota iliyochelewa

Mikindani, Jumamosi usiku. Hatimaye nimepata nukta nne!

Najaribu kuonyesha nyumbani jinsi uzito wa galaksi (kundi kubwa mno la nyota) unavyopinda mwanga wa nyota iliyo mbali nyuma yake. Wiki mbili nimehangaika na pete tu. Tochi ya simu iko nyuma ya boksi nililolitoboa kwa sindano, na mbele yake nashika kitako cha glasi ya divai ambacho fundi vioo alinikatia shina. Jicho likikaa sawasawa na tundu, mwanga unatanda unakuwa pete. Ukisogea kidogo, pete inakatika vipande viwili. Leo nikakiinamisha kitako kidogo sana, kama unavyoinamisha sahani umalizie mchuzi, pete ikagawanyika nukta nne. Mpwa wangu akachungulia.

"Anko, umewasha tochi ngapi?"

"Moja tu, mama."

Akazunguka nyuma ya boksi kuhakikisha.

Nukta kama hizo ndizo alizoziona mwanaastronomia Patrick Kelly Novemba 2014 kwenye picha za darubini ya Hubble: supanova moja, yaani nyota iliyolipuka, mara nne, kuizunguka galaksi moja ndani ya kundi la galaksi MACS J1149. Uzito wa galaksi hiyo na kundi lake ulipinda njia za mwanga, kazi ambayo hapa nyumbani inafanywa na kitako cha glasi. Supanova ikaitwa Refsdal, kwa heshima ya mwanaastronomia Sjur Refsdal wa Norwe. Yeye mwaka 1964 alishaandika kwamba picha za namna hiyo hazitafika pamoja, na kwamba ukipima zinavyopishana unaweza kukokotoa kasi ya kutanuka kwa ulimwengu. Njia hazilingani urefu, na mwanga unaopita penye mvutano mkali zaidi unacheleweshwa zaidi.

Wataalamu wakapiga hesabu, wakasema picha nyingine inakuja. Desemba 2015 ikatokea, imechelewa takriban siku 376. Nimesoma habari hii mara nyingi na bado inanisisimua: mlipuko uleule, umengojewa, ukaja.

Kuchelewa huko kioo hakiwezi kukuonyesha, kwa hiyo nimeongeza gololi na mipira miwili ya maji. Kwanza nilinunua ya nusu inchi, gololi ikakwama. Ya robo tatu inapita vizuri. Mmoja nimeunyoosha kutoka dirishani hadi kwenye sufuria, mwingine nimeuzungusha kwenye ndoo mara tatu. Haionyeshi mvutano, inaonyesha urefu wa njia tu, lakini kwa mtoto ni mwanzo mzuri.

Tukaziachia gololi pamoja. Ya kwanza ikagonga sufuria. Mpwa wangu akainua mkono tunyamaze, akaanza kuhesabu kwa vidole.